Pengo Moja, Majibu Mengi: Upimaji wa Sarufi na Msamiati kwa Wanafunzi wa Kiingereza wa Kiwango cha Juu

1.0 Utangulizi

Mtahini anayetunga swali la sarufi kwa mwanafunzi anayeanza kujifunza Kiingereza huwa na kazi nyepesi kiasi. Mwanafunzi huyo anajua maumbo machache; kwa hiyo pengo lililoachwa katika sentensi ama lina jibu moja kichwani mwake, ama halina jibu kabisa. Hali hubadilika anapopimwa mwanafunzi wa kiwango cha juu, yaani yule anayewekwa katika ngazi za C1 na C2 za mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha uliochapishwa mwaka 2001. Ichukuliwe sentensi "He left ___ saying goodbye". Mwanafunzi wa kati hukumbuka "without", kwa kuwa ndivyo alivyozoeshwa, huliandika na kuendelea na swali linalofuata. Mwanafunzi hodari huona kwamba "before" na "after" nayo yanakubalika kisarufi na kimaana. Husita, na pengine huandika mojawapo kati ya hayo. Iwapo mwongozo wa usahihishaji una neno "without" peke yake, aliyejua zaidi ndiye anayekosa alama.

Makala hii inaeleza chanzo cha tatizo hilo na namna linavyoweza kugunduliwa. Hoja yake ni kwamba, katika ngazi ya juu, uhalali wa jaribio la sarufi na msamiati hutegemea mwongozo wa usahihishaji kwa kiasi kisichopungua kile unachotegemea swali lenyewe. Suala hili si la kinadharia tu. Alama mbili au tatu zinaweza kumtenga mtahiniwa na cheti anachohitaji ili adahiliwe chuoni, naye hatajua kamwe kwamba alama hizo zilipotea kwa sababu jibu lake sahihi halikuwamo katika orodha ya msahihishaji.

2.0 Asili ya Pengo

Jaribio la kujaza mapengo katika kifungu cha habari, ambalo wanaisimu hulijua kwa jina la klozi, halikubuniwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha ya kigeni. Wilson Taylor, aliyelipendekeza mwaka 1953 katika jarida la taaluma ya uandishi wa habari, alitaka kupima matini na wala si watu. Swali lake lilikuwa: je, kifungu hiki kinasomeka kwa urahisi kiasi gani? Maneno yalifutwa kwa mpangilio maalumu, wasomaji wakaombwa kuyarudisha, na kadiri walivyofanikiwa ndivyo kifungu kilivyohesabiwa kuwa chepesi. Kwa lengo hilo ilifaa kabisa kukubali neno lile lile la mwandishi peke yake. Msomaji aliyeandika neno jingine lenye maana iyo hiyo hakudhulumiwa kitu, kwa kuwa hakuna aliyempa yeye alama. Alama ilikuwa ya kifungu.

Mbinu hiyo ilipohamishiwa kwenye upimaji wa wanafunzi, kanuni ya neno moja ilihama nayo mara nyingi bila kuhojiwa. Hapo ndipo chimbuko la dhuluma ndogo iliyoelezwa hapo juu. Katika miaka ya 1970, John Oller aliitetea klozi kwa nguvu, akiamini kwamba umilisi wa lugha ni kitu kimoja kisichogawanyika na kwamba klozi hukigusa kitu hicho. Msimamo huo wa umoja kamili hakuushikilia baadaye. Aidha, J. Charles Alderson alionyesha mwaka 1979 kwamba klozi si jaribio moja. Alipobadilisha kiwango cha ufutaji, akifuta kila neno la sita, la nane, la kumi au la kumi na mbili katika vifungu vile vile, alipata majaribio yenye tabia tofauti. Fundisho lililotokana na kazi hiyo ni kwamba mtahini hana budi kuchagua mwenyewe neno la kufuta, akijua kwa nini analifuta. Ufutaji wa kuhesabu kwa vidole haujui unapima nini.

Ufutaji wa kuchagua una faida nyingine kwa ngazi ya juu: huruhusu mtahini kuyapanga mazingira ya pengo. Sentensi "She spoke ___ though nothing had happened" ikisimama peke yake hupokea "as" na pia "even". Neno la kwanza humaanisha kwamba alizungumza kana kwamba hakuna lililotokea. La pili humaanisha kwamba alizungumza ijapokuwa hakuna lililotokea. Maana hizo zinatofautiana sana. Ikitanguliwa na sentensi inayoeleza ugomvi mkubwa wa usiku uliopita, "even" huanguka yenyewe. Hata hivyo, si kila pengo huokolewa na muktadha. Katika mfano wa kuaga, kuongeza kwamba wenyeji walichukizwa hufuta "after", lakini "before" hubaki imesimama.

3.0 Mpaka wa Sarufi na Msamiati

Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu upimaji wa lugha, alihimiza kila kipengele kipimwe peke yake: sauti, maumbo ya sarufi, msamiati. Kwa wanaoanza, mgawanyo huo una mantiki. Kwa walioendelea haushikiki. Ichukuliwe sentensi "The decision had nothing to do with his age", na mtahiniwa atakiwe kuiandika upya akianza na "His age" na kutumia neno "bearing" bila kulibadilisha. Jibu ni "had no bearing on the decision". Kujua kwamba "bearing" hufuatana na kitenzi "have" ni msamiati. Kihusishi "on" je? Kamusi hukiorodhesha pamoja na neno lenyewe, ilhali vitabu vya sarufi hukiweka katika sura ya vihusishi. Mwanafunzi aliyeandika "had no bearing to the decision" amekosa sarufi au msamiati? Swali halina jibu, na mtahini anayelazimika kutoa alama mbili tofauti, moja ya sarufi na nyingine ya msamiati, atajikuta akigawa kisichogawanyika.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili si geni. Anayejifunza Kiswahili anaweza kujua maana ya "kupiga" na maana ya "pasi", lakini hakuna kanuni ya sarufi itakayomwambia kwamba nguo hupigwa pasi, picha hupigwa, simu hupigwa, na hata kelele hupigwa. Maneno huzoeana. Mazoea hayo ndiyo hasa yanayomtofautisha mwanafunzi wa ngazi ya juu na wa kati, na ndiyo yanayopimwa katika maswali ya kuchagua jibu. Katika "The committee ___ a decision at midnight", chaguzi "reached", "arrived", "achieved" na "came" zote zina wazo la kufika au kupata. "Arrived" na "came" hukataliwa kwa sababu haziwezi kubeba yambwa hiyo bila kihusishi. "Achieved" hukataliwa kwa mazoea tu. Chaguzi za namna mbili katika swali moja hupima mambo mawili, na alama moja haiwezi kusema lipi limekosewa.

Taasisi za mitihani zimelikabili suala hili kwa njia zinazopishana. Mtihani wa TOEFL uliacha sehemu ya pekee ya muundo wa sentensi ulipohamia kwenye intaneti mwaka 2005. IELTS haina karatasi ya sarufi. Sarufi na msamiati ni vigezo viwili kati ya vinne vyenye uzito sawa katika kusahihisha uandishi na mazungumzo. Cambridge, ambayo mtihani wake wa juu ulianza mwaka 1913 ukiwa na watahiniwa 3 na saa 12 za maswali, imeendelea kuvipima waziwazi. Tangu mwaka 2013 matumizi ya lugha yameunganishwa na usomaji katika karatasi moja ya dakika 90 yenye maswali 53. Sehemu ya kuandika sentensi upya ina maswali 6, na kila moja lina alama 2, kwa kuwa jibu hugawanywa vipande viwili vinavyosahihishwa kila kimoja kwa nafasi yake. Mgawanyo huo ni wa busara kuliko ule wa sarufi na msamiati, kwani haudai kujua kosa ni la aina gani. Hukiri tu kwamba nusu ya jibu ni sahihi.

Mabadiliko hayo ya mwaka 2013 yaliondoa zoezi moja linalostahili kukumbukwa. Mtahiniwa alipewa sentensi tatu na kutakiwa kutafuta neno moja linalozifaa zote. Kwa mfano: "She gave us ___ advice", "The child was ___ asleep", "The building was structurally ___". "Good" hufaa ya kwanza, "fast" hufaa ya pili. "Sound" pekee huzifaa zote tatu. Zoezi la namna hiyo lilipima kina cha ujuzi wa neno, si wingi wa maneno, na tena lilizuia majibu mengi kwa njia ya haki, yaani kwa kuongeza muktadha badala ya kufupisha mwongozo. Mwalimu wa chuo bado anaweza kulitumia.

4.0 Uundaji wa Maneno

Zoezi la kuunda neno kutokana na mzizi uliotolewa hudhaniwa kuwa jepesi kwa mzungumzaji wa Kiswahili, lugha ambayo kutokana na "-lima" huzaa "mkulima" na "kilimo". Kwa kiasi fulani ni kweli: mwanafunzi huyo hashangazwi na wazo kwamba neno moja huzaa mengine. Wala Kiswahili chenyewe hakitabiriki daima, kwani "msomi" na "msomaji" ni watu wawili tofauti. Ugumu uko kwenye ukanushaji. Kiswahili hukanusha kitenzi-jina kwa kiambishi kilekile, "-to-": kutoweza, kutotenda, kutojali. Kiingereza husema "unable" lakini "inability", "unjust" lakini "injustice", "unstable" lakini "instability". Mwanafunzi anayeandika "unability" amefuata mantiki ambayo lugha yake ya kwanza ingeipongeza.

Zaidi ya hayo, swali la uundaji huficha usomaji ndani yake. Katika "His ___ to answer the question surprised everyone", mzizi ukiwa "willing", mtahiniwa anaweza kuandika "willingness" au "unwillingness", na ni kifungu kizima kinachoamua. Anayeandika "willingness" pale panapotakiwa ukanushi amejua umbo lakini hakuelewa kifungu. Anayeandika "unwillness" ameelewa kifungu lakini hakujua umbo. Wote wawili hupata sifuri. Kwa mtihani wa cheti huenda hilo likavumilika. Kwa jaribio la chuo linalokusudia kumwonyesha mwalimu nini kifundishwe tena, sifuri hizo mbili zinapaswa kuandikwa kwa alama tofauti pembeni mwa karatasi.

5.0 Kuusahihisha Mwongozo

Taasisi kubwa hujaribisha maswali kwa wanafunzi kabla ya kuyatumia. Mhadhiri mmoja hana nafasi hiyo, lakini anaweza kuwapa jaribio lake watu watatu au wanne wenye Kiingereza kizuri bila kuwaonyesha majibu. Jibu lolote lisilotarajiwa kutoka kwao huingia katika mwongozo, au swali huandikwa upya. Ni kazi ya saa moja. Inashangaza jinsi inavyorukwa mara nyingi, hata na watafiti ambao sura zao za mbinu zimeeleza kwa kirefu namna sampuli ilivyoteuliwa.

Baada ya mtihani, takwimu husaidia. Kipimo cha ubainishaji hulinganisha asilimia 27 ya watahiniwa waliofanya vizuri zaidi kwa jumla na asilimia 27 ya waliofanya vibaya zaidi. Ichukuliwe kwamba watahiniwa ni 100, na swali fulani limepatiwa na 12 kati ya 27 wa juu na 17 kati ya 27 wa chini. Tofauti, yaani hasi 5, ikigawanywa kwa 27 hutoa hasi 0.19. Kipimo hasi katika swali la ngazi ya juu mara nyingi hakimaanishi kwamba swali ni gumu. Humaanisha kwamba wenye ujuzi wameona kitu ambacho mtungaji hakukiona, na hatua ya kwanza ni kusoma walichoandika. Ikibainika kwamba wengi wao waliandika "before", mwongozo hupanuliwa na karatasi zote husahihishwa upya katika swali hilo, zikiwemo zile zilizokwisha kurudishwa kwenye rundo. Kuongeza jibu katikati ya usahihishaji bila kurudi nyuma ni kuanzisha mitihani miwili ndani ya mmoja.

Darasa la watu 30 halitoshi kwa hesabu hiyo, kwani asilimia 27 yake ni watu 8, na mtu mmoja tu hubadilisha kipimo kwa takribani 0.13. Kwa darasa kama hilo njia ya mkono ni bora zaidi: majibu yote yaliyoandikwa katika kila pengo huorodheshwa katika jedwali, sahihi na yasiyo sahihi, pamoja na alama ya jumla ya kila aliyeyaandika. Jibu lililokataliwa ambalo limeandikwa na wanafunzi watatu wa safu ya juu hujitokeza lenyewe mbele ya macho ya msahihishaji. Jedwali hilo likiambatishwa kwenye tasnifu pamoja na mwongozo, mtahini wa nje ataweza kuona ni majibu gani yaliyokubaliwa, yapi yaliyokataliwa, na kwa sababu gani.