Rangi ya Chini ya Maji

Wazee walipaka majahazi deheni, yaani chokaa na shahamu. Wenye boti za matanga wanaotia nanga hapa Kilifi huniuliza rangi ya dukani ipi ni bora. Nami huwauliza: chombo chako kinasafiri au kinalala?

Rangi nyingi za kuzuia mwani na chaza zina oksidi ya shaba, sumu inayotoka kidogo kidogo. Ile laini humomonyoka maji yakipita, ikafunua shaba mpya. Inamfaa msafiri, na matabaka hayarundikani. Ile ngumu hustahimili kusuguliwa kwa brashi, lakini shaba yake ya juu huisha huku ganda likibaki.

Boti ya alumini usiipake rangi ya shaba: kwenye maji ya chumvi alumini italiwa. Rangi zenye misombo ya bati, zilizodhuru konokono wa baharini, zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2008.

Mimi huongeza mkono mmoja kwenye mstari wa maji, ukingo wa mbele wa mkuku na usukani. Huko rangi huisha upesi. Ukisugua rangi ya zamani, tumia msasa wa maji, na uvae barakoa: vumbi la rangi hiyo ni sumu ileile inayoua chaza.