Rika na Siasa za Nchi (4): Kijana azungumze na mzee yupi?

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, hakuna hotuba inayokwisha bila vijana kutajwa. Siku ile iliishia kwa maandamano, ghasia na vifo katika miji kadhaa, Arusha yetu ikiwamo. Intaneti ilizimwa, na Desemba 9 ikapita bila sherehe za Uhuru. Rais Samia Suluhu Hassan alipolihutubia Bunge Novemba 14 aliwapa pole wafiwa na kutangaza tume ya uchunguzi, ambayo baadaye aliikabidhi kwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wizara ya vijana nayo ikaundwa. Tokea hapo wito umekuwa ule ule kutoka mimbarini hadi majukwaani: wazee na vijana waketi wazungumze.

Naunga mkono kwa moyo wote. Ila mtu aliyetumia umri wake kuchunguza mambo ya rika katika miteremko ya Mlima Meru hawezi kuusikia wito huo asiulize: wazee gani? Wazee si kundi moja, na waliotutangulia mlimani hapa walilijua hilo vizuri kuliko waandishi wengi wa hotuba.

Aliyefuatana nami katika sehemu tatu zilizopita anajua tayari jinsi rika la Waarusha linavyofunguliwa na kufungwa, na jinsi Wameru walivyoazima mtindo huo kwa jirani zao katika karne ya 19. Sitarudia. Leo tukae kwenye kipengele kimoja, ambacho kwangu ndicho moyo wa utaratibu wote: ulezi wa rika, ambao Waarusha na Wamasai huuita olpiron.

Kila rika jipya huwashiwa moto wake. Uwimbombo wa mti laini hulazwa chini ukashikiliwa imara, ncha ya ulindi wa mti mgumu ikaingizwa katika kitundu chake, na wazee wakaupekecha kwa viganja. Hupokezana, kwa sababu mikono inayopekecha huteremka hadi chini, na mwenzake sharti adake juu kabla joto halijapoa. Hutoka moshi, kisha unga mweusi wenye cheche, ambao hutiwa kwenye nyasi kavu na kupulizwa.

Sasa tazama ni nani wanaopekecha. Si rika lililo juu ya vijana hao, bali rika la pili juu yao. Rika la Seuri liliwawashia rika la Landis. Makaa wakawawashia Korianga. Kwa kuwa rika moja na jingine hupishana kwa miaka kama 15, mlezi humzidi kijana wake miaka 30 hivi.

Kwa nini kuruka rika moja? Kwa sababu rika lililo juu yako kabisa ndilo linalokalia nafasi unayoitaka. Murrani, yaani vijana wapiganaji, waliopo hawapendi kuitwa wazee mapema, na wanaokuja nyuma yao hawataki kusubiri. Kati ya hao wawili kuna ushindani wa kila siku, na mashindano hayazai mashauri mema. Walio juu zaidi wamekwisha kupita. Hawana cha kumnyang'anya kijana, wala kijana hana cha kuwanyang'anya. Ndiyo maana wao ndio waliopewa haki ya kukaripia, kubariki na hata kulaani, na wao hao hubeba fedheha vijana wao wakiharibu. Vijana nao huwa na laigwanani wao, kiongozi na msemaji wa rika, anayesema kwa niaba yao mbele ya walezi. Haki na wajibu vilikwenda pande zote mbili.

Utaratibu huu ulikuwa na kasoro kubwa, nami siifichi: uliwaacha wanawake nje. Anayetaka kuutumia leo aanze kwa kuirekebisha kasoro hiyo. Hata hivyo mwanaanthropolojia Philip Gulliver, aliyeishi na Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1963, alionyesha jambo ambalo wengi hatulithamini: jamii hii ilikuwa ikimaliza magomvi yake bila hakimu, kwa kuzungumza hadi mapatano yapatikane, kupitia ukoo, rika na baraza la eneo. Watu walikuwa wamezoea kuzungumza kabla ya kuja kwa boma la Mjerumani.

Mazoea hayo yalionekana katika shauri la ardhi ya Meru, ambalo wasomaji wangu wanajua sichoki kulisimulia. Serikali ya Mwingereza ilimteua Jaji Mark Wilson mwaka 1946 kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi. Kutokana na taarifa yake ikaamuliwa kwamba eneo la Ngarenanyuki litengwe kwa walowezi wa kizungu, Wameru wa shamba namba 31 na namba 328 waondoke. Walipewa King'ori, wakaikataa; fidia nayo wakaikataa. Kuanzia Novemba 17, 1951, askari walianza kuwahamisha kwa nguvu, watu wapatao 3,000, na nyumba zikachomwa moto.

Baada ya hapo Wameru hawakuchukua mikuki, ingawa vijana wenye hasira hawakukosekana. Walikutana. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, hivyo wananchi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao New York. Haki hiyo ilikuwa imekaa kwenye makaratasi. Ilihitajika jamii nzima kuifufua. Wazee wa koo walikuwa na kumbukumbu: nani aliishi wapi, mpaka ulipita kwenye mto gani, Mjerumani alichukua nini. Vijana waliopita shule za misheni walikuwa na kalamu na Kiingereza. Kumbukumbu bila kalamu isingevuka Namanga, na kalamu bila kumbukumbu isingekuwa na cha kuandika.

Kijana waliyemchagua ni Kirilo Japhet. Nauli yake ilichangwa na Wameru wenyewe, watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kupanda meli wala ndege. Mwaka 1952 yeye na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, walilifikisha shauri mbele ya Baraza la Udhamini, kisha likafika Baraza Kuu. Azimio la kuwaunga mkono lilikosa theluthi mbili ya kura. Walishindwa katika kura, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa: Mwalimu Nyerere alipokwenda New York mwaka 1955 kwa niaba ya TANU, alipita mahali ambapo mkulima wa Meru alikuwa amekwisha kupita. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walichapisha kitabu cha shauri hilo. Kila shule ya sekondari ya mkoa huu ingepaswa kuwa nacho, kwa Kiswahili, na sasa kwa kuwa lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, sioni udhuru uliobaki.

Naomba msomaji azingatie jinsi Kirilo alivyopatikana. Wazee walimpa kijana usemaji wa jambo zito kuliko yote waliyokuwa nayo, yaani ardhi, wakabaki nyuma yake kama walezi. Hawakumtuma akapige makofi kwenye mkutano wao. Naye hakujituma mwenyewe. Alikwenda akiwa na kauli za wazee. Huo ndio mpango wa moto niliousimulia, ukifanya kazi mbele ya mataifa.

Mfano wa kinyume tunao pia, na mwisho wake unafika hapa hapa Arusha. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa mshahara. Mwalimu alikasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akawarudisha makwao mamia ya wanafunzi. Baadaye walirejeshwa chuoni, lakini jeraha lilibaki. Mwalimu alikuwa na miaka 44. Yeye na mawaziri wake walikuwa rika lililo juu tu ya vijana wale, walioketi kwenye mishahara na vyeo ambavyo wanafunzi walivitazama kama haki yao ya kesho. Hapakuwa na rika la tatu lenye heshima pande zote mbili la kukaa katikati.

Miezi mitatu baadaye, Januari 26 hadi 29, 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha, katika jengo la Kaloleni ambalo leo ni makumbusho ya Azimio la Arusha, lililotoka katika mkutano huo. Naamini kabisa kwamba maneno makali ya Azimio juu ya viongozi kujilimbikizia mali yalikuwa na mwangwi wa ugomvi ule. Vijana nao waliitika kwa miguu yao. Seti Benjamin, kijana wa Arusha, alifariki njiani akitembea kwenda Dar es Salaam kuliunga mkono Azimio, na Mwalimu akatembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka huo huo kumuenzi. Lakini kijana kutembea nyuma ya mzee, hata kwa mapenzi ya kweli, ni jambo moja. Kuzungumza naye ni jambo jingine, na katika miaka iliyofuata tulijifunza zaidi kutembea.

Tulikaribia kuyapata tena mazungumzo ya namna hiyo katika mchakato wa Katiba. Tume ya Jaji Joseph Warioba iliweka utaratibu wa mabaraza ya katiba ambapo kila kijiji na mtaa ulichagua wajumbe wanne: mtu mzima, mwanamke, kijana na mkazi mwingine yeyote. Wazo zuri lilioje! Na kasoro ya wanawake ilikuwa imezibwa. Lakini majina yalipitishwa kwenye kamati za maendeleo za kata, wakalalamika wengi kwamba waliokalia madaraka walichuja walioingia. Yaani rika la katikati lilijiweka mlangoni. Mwaka 2014 Bunge Maalumu likagawanyika, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikupigwa mpaka leo.

Nimebakiwa na nafasi ndogo ya kusema juu ya Sekei, kwetu hapa Arusha, nami nilikusudia kuisema kwa kirefu. Majirani zetu wamekuja hapa bondeni, kwenye jengo la mikutano la AICC, kuzungumzia vita vyao: Warwanda mwaka 1993, Warundi hadi Agosti 2000. Sisi tunaoishi hatua chache kutoka hapo hatuna mahali pa kuzungumzia uchaguzi wetu. Watu wa umri wote hukutana kwenye msiba tu. Hata pale, wazee huketi chini ya turubai na bakuli zao za loshoro, na vijana hukaa kwenye moto wa nyama nyuma ya nyumba. Siasa huzungumzwa pande zote mbili. Mzee akisogea jikoni, vijana hunyamaza.

Ninachopendekeza kinawezekana bila bajeti ya wizara. Mkutano mkuu wa mtaa upo kisheria, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Mara moja kwa msimu utengwe mkutano wa mazungumzo ya rika. Vijana wa kike na wa kiume wachague malaigwanani wao wenyewe, bila jina kupita kwa mtu. Upande wa pili waitwe waliokwisha kuondoka madarakani na wasiotaka kurudi: walimu wastaafu, mahakimu wastaafu, wauguzi, washili wa koo, madiwani wa zamani. Diwani, mwenyekiti wa mtaa na mbunge waje, wakae, wasikilize. Zamu ya kusema si yao siku hiyo.

Niliwauliza vijana wa bodaboda pale Sanawari wangeanza na swali gani. Mmoja alitaka kujua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya vijana, inakwenda kwa akina nani. Mwingine aliuliza kama mzee aliyepiga kura tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992 amewahi kuona kura yake ikibadili kitu. Wa tatu alikuwa anawasha pikipiki, akaizima. Alitaka wazee wamwambie walikuwa wapi Oktoba 29, na kwa nini hakuna aliyepiga hodi kwao siku iliyofuata kuuliza kama watoto wamerudi.