Mtoto Anaposahau Alichokwisha Kujua

Kila nikitaja demensia ya watoto, hakosekani wa kuuliza: "Kwani mtoto kazeeka lini?" Hajazeeka. Demensia ni ubongo kuharibika, na ubongo hausubiri mvi. Magonjwa yanayoileta utotoni yanazidi 70, karibu yote ya kurithi. Watafiti wa Australia wanakadiria kuwa mtoto 1 katika kila 2,900 wanaozaliwa ana mojawapo.

Nilikusudia kuanza na seli, nifuatishe urithi, nimalizie na tiba. Lakini Røros siwezi kuiruka. Katika mji huo wa machimbo ya shaba nchini Norway, mwaka 1826, daktari Otto Christian Stengel aliandika habari za ndugu wanne. Walizaliwa wazima, wakacheza kama wenzao. Walipokaribia miaka sita macho yakaanza kufifia. Baadaye akili ikafuata, kisha maneno, na kifafa juu yake. Stengel hakuwa na kipimo chochote cha maana. Alitazama, akaandika. Leo ugonjwa huo unaitwa Batten, kwa jina la Mwingereza aliyeandika miaka 77 baada yake! Jeni yenyewe ilipatikana 1995.

Na bado naletewa watoto wenye hirizi shingoni. Jini gani hilo linalompanda mtoto wa kwanza na wa tatu, likamruka wa pili? Baba na mama, wazima kabisa, kila mmoja amebeba nakala moja mbovu ya jeni ileile. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata zote mbili. Wauza vidonge vya "kuamsha ubongo" nao sina subira nao.

Kinachotokea ndani ni mambo ya taka. Seli ina vifuko, lisosomu, vyenye vimeng'enya vya kuvunjavunja mabaki. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, mabaki yanarundikana, kama mtaa usiopitiwa na gari la taka: wiki moja mnavumilia, mwaka mzima hakuna pa kukanyaga. Kwa aina moja ya Batten, CLN2, tangu 2017 kuna dawa: kimeng'enya chenyewe, kinachotiwa ndani ya ubongo kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa kikipitia kwenye damu hakifiki. Kinapunguza kasi, kilichopotea hakirudishi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mzazi ni hili: hajawahi kuweza, au aliweza akaacha? Mama mmoja alinijibu kwa kutoa madaftari mawili kwenye rambo. La darasa la kwanza lilikuwa na jina la mtoto, herufi zote zimekaa juu ya mstari. La mwaka uliofuata lilikuwa na herufi tatu, kisha kalamu inateleza hadi nje ya karatasi. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Mvivu."