SIFA ZA KITUFE: KUULIZA NA KUAMURU

Najua wapo watakaouliza kompyuta imeingiaje katika jarida la chama cha Kiswahili. Ngojeni kidogo. Haya nitakayoyaeleza yana sarufi ndani yake kuliko mnavyodhani.

Programu yenye madirisha hujengwa kwa vipande. Kuna kitufe cha kubofya, lebo ya kuonyesha maneno, na kisanduku cha kuandikia. Kila kipande huitwa wijeti. Anayeandika programu haichori wijeti mwenyewe, bali huichukua ikiwa tayari kutoka katika ghala la wijeti. Ghala ninalolifahamu mimi ni Tk. Lilianzishwa na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kule Marekani, kwa ajili ya lugha yake ya Tcl aliyoianza mwaka 1988. Siku hizi wengi hulitumia kupitia Python, lugha ya Mholanzi Guido van Rossum iliyotoka mwaka 1991, na humo linaitwa Tkinter. Python haiuzwi, hutolewa bure. Hilo ni jambo zuri kwetu sisi wa shule ya kutwa.

Sasa tuje kwenye sarufi. Wijeti ni nomino, na nomino huwa na sifa: kitufe chekundu, kitufe kipana, kitufe kilichozimwa. Katika Tkinter kila sifa ina jina lake na thamani yake. Sifa ya text ni maneno yaliyoandikwa juu ya wijeti, bg ni rangi ya nyuma, width ni upana, na state ni hali, yaani inafanya kazi au imezimwa. Na juu ya sifa hizi tuna sentensi za aina 2 tu, amri na swali. Amri ni hii:

kitufe["text"] = "Hesabu"

Ukitaka kuamuru mambo kadhaa kwa pumzi moja:

kitufe.configure(text="Hesabu", bg="yellow")

Na swali ni hili:

kitufe.cget("text")

Nacho kitajibu: Hesabu. Sifa chache hazikubali amri baada ya wijeti kuzaliwa. Fremu, kwa mfano, hupewa class yake inapoumbwa, na ukijaribu kuibadilisha baadaye programu itakugombeza. Mwenzangu mmoja chamani alisema hiyo basi ndiyo ngeli ya kompyuta, tukacheka, lakini hakukosea sana.

Hapa sasa ndipo ninapotaka tusikilizane. Ukiiuliza wijeti sifa yake, yenyewe hukujibu ilivyoambiwa. Haikwambii mambo yalivyo. Sisi wa Vanga twajua bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hujaa sana, na siku nyingine huingia mpaka majumbani, watu wakainua magunia na magodoro kutoka chini. Tuseme tuna lebo kwenye skrini iliyoamriwa wiki iliyopita kusema "Maji mafu". Leo bahari imefika mlangoni, nawe ukaiuliza lebo ile: cget("text")? Itajibu "Maji mafu" bila ya haya hata kidogo. Lebo haina macho. Ni lazima mwandishi wa programu apange iamriwe upya kila mara, na kwa kazi hiyo Tk ina amri ya after, inayohesabu muda kwa sehemu za elfu za sekunde. Ukiandika 60000, ni dakika 1. Kila dakika programu itazame saa na jedwali la maji, kisha ndipo iiambie lebo la kusema.

Upana nao ni vivyo hivyo. Kitufe waweza kukiona kipana kwenye skrini, lakini ukikiuliza cget("width") kikajibu 0. Hakisemi uongo. Hukukiamuru upana wowote, kikajipimia chenyewe kulingana na maneno yake. Ukitaka upana wake halisi uliopo kwenye skrini, swali lake ni jingine, winfo_width, nalo usiliulize kabla dirisha halijachorwa, maana utajibiwa 1.

Kisanduku cha kuandikia kina mambo yake. Maandishi yaliyomo huulizwa kwa get, nayo hurudi yakiwa maandishi, hata kama mtu ameandika nambari. Mjomba wangu huandika kilo za samaki wa wavuvi kwenye daftari, na ninamtengenezea programu ya kazi hiyo. Tuseme mvuvi ameleta nguru kilo 10 na tasi kilo 5. Programu ikiuliza visanduku 2 na kujumlisha majibu hivi hivi, haitapata 15. Itabandika 10 na 5 ubavu kwa ubavu, ipate 105! Kwa bei ya shilingi 250 kwa kilo, mzigo wa shilingi 3,750 utakuwa umegeuka 26,250, na hapo hakuna atakayeelewana na mwingine. Dawa yake ni kuyageuza majibu kuwa nambari kwanza, kwa int au float, ndipo ujumlishe.

Tena kisanduku kilichozimwa hakipokei neno. Ukiamuru state iwe "disabled", kisha ukatia maandishi kwa insert, hakuna kinachoingia na hakuna onyo linalotokea. Kimya kabisa! Amri ya kukiwasha itangulie, yaani state iwe "normal".

Nimebakiza sifa ninayoipenda kuliko zote, ile ya text. Kwa sababu maneno ya kitufe ni sifa tu, hakuna kinacholazimisha yawe ya Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizosema Kiswahili. Anayetaka kuweka Kivumba cha hapa kwetu naye aweke, Tk haitamuuliza kitu.

Ile programu ya mjomba nilikuwa nimeiandikia lebo ya "Jumla ya samaki". Alipoiona akasema la, weka "Jumla ya mzigo", kwani pweza amekuwa samaki tangu lini? Ilikuwa amri ya mstari mmoja.