ANTENA JUU, WAYA WA ARDHINI CHINI



Redio ya upepo ni chombo cha kusema na kusikia. Mtu aliye mbali anaweza kuitumia kuita msaada mahali ambapo simu haifiki. Wako pia watu wanaoendesha redio za namna hii kwa kupenda tu, bila malipo. Redio zao huitwa redio za ridhaa. Hapa Tanzania, mwenye redio hiyo lazima kwanza apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hupewa alama ya kujitambulisha hewani. Alama hiyo huanza na 5H.

Redio peke yake haitoshi. Inahitaji antena juu na waya wa ardhini chini. Tuone kazi ya kila kimoja.

1. Antena

Antena hutoa mawimbi ya redio na kupokea yale yanayotoka mbali. Urefu wake haukisiwi kwa macho. Hupimwa. Chukua 143, gawa kwa masafa utakayotumia. Masafa hayo huhesabiwa kwa megahezi. Tuseme masafa ni 7.1:

143 ÷ 7.1 = 20 na kidogo.

Basi antena itakuwa na urefu wa mita 20. Waya hukatwa katikati, zikapatikana nusu mbili za mita 10. Kati ya nusu hizo hufungwa kipande cha plastiki ngumu. Hapo ndipo waya wa kushukia huunganishwa. Ncha za nje hufungwa kwa kamba za nailoni kwenye miti miwili. Waya wenyewe usiguse mti wala bati. Kwa masafa haya, kimo cha mita 10 kutoka chini kinafaa.

Angalia sana nyaya za umeme. Usipitishe antena juu yake wala chini yake. Mlingoti wa mita 10 uwe mbali nazo kwa mita 15 au zaidi. Hata ukianguka, usizifikie.

2. Waya wa ardhini

Radi ni umeme mkubwa. Ikipiga antena, umeme huo hutafuta njia ya kwenda ardhini. Kama hukuutengenezea njia nje ya nyumba, utapita ndani. Utapita kwenye redio, na huenda ukapita mwilini mwako.

Hilo lilitokea zamani. Mwaka 1753, katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, mtaalamu Georg Wilhelm Richmann alisimamisha chuma juu ya paa ili achunguze umeme wa mawingu. Waya wa chuma hicho uliingia chumbani, lakini haukuunganishwa na ardhi. Mvua ya radi ilipokuja, Richmann alisogea karibu kutazama. Radi ikamwua papo hapo.

Kwa hiyo fanya hivi:

(a) Pata fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, yenye urefu wa futi 8, yaani karibu mita 2.4.

(b) Ipigilie ardhini nje ya ukuta, pale waya wa antena unapoingia. Chagua udongo wenye unyevu. Mchanga mkavu na mwamba havifai.

(c) Unganisha waya wa antena na fimbo hiyo kabla haujaingia ndani. Fundi ana kifaa cha kazi hiyo.

(d) Tumia waya mnene wa shaba. Uwe mfupi, usio na kona kali. Ubane kwa bolti na nati, na uukague mara kwa mara. Kutu huziba njia ya umeme.

(e) Kama nyumba ina umeme, itakuwa na fimbo yake ya ardhini. Mwite fundi aziunganishe fimbo zote kwa waya mnene. Zikiachwa mbalimbali, umeme wa radi unaweza kupita ndani ya redio ukitoka fimbo moja kwenda nyingine.

3. Wakati wa radi

Waya wa ardhini hupunguza hatari, lakini hauimalizi. Wingu likianza kutanda, chomoa waya wa antena na uuache nje. Chomoa na waya wa umeme. Radi ikiwa tayari inapiga karibu, usiguse kitu.

Utajuaje kuwa iko karibu? Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde. Sauti husafiri kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika 30, radi haijafika mbali ya kilomita 10. Hiyo ni karibu mno. Baada ya ngurumo ya mwisho, ngoja dakika 30.

Huenda huna redio ya upepo. Lakini je, kijijini kwako hakuna antena ya televisheni juu ya mlingoti? Radi haibagui. Itazame leo, kabla ya masika.

MASWALI

1. Kwa nini antena isiwe karibu na nyaya za umeme?
2. Richmann aliuawa na nini? Kitu gani kilikosekana?
3. Umeona mwanga, na ngurumo imesikika baada ya sekunde 12. Radi iko umbali wa kilomita ngapi?
4. Tajeni milingoti ya antena iliyopo kijijini. Ipi ina waya wa ardhini?