Fundi, Mchomeleaji na Muunda Bodi: Majina ya Kazi za Vyuma katika Tangazo la Ajira

Tangazo la kazi ni miongoni mwa maandishi mafupi kabisa yapitayo mikononi mwa mfasiri au karani, na pengine kwa sababu hiyo hutiliwa maanani kidogo. Maneno mawili, "Anatakiwa fundi", hubandikwa mlangoni, na mwandishi wake hudhani amekwisha kusema lote. Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza majina ya watu wafanyao kazi ya kukata, kukunja na kuunganisha vyuma vya magari, na kueleza kwa nini karakana inayokua haiwezi kuajiri vyema ikiwa haijui imwite nani.

Tuchukue mfano wa Kalenga. Wengi wetu huijua Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini Iringa, kwa habari za Mtwa Mkwawa: hapo palikuwa makao yake makuu, yaliyotekwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894, na hapo ndipo lilipo jumba la makumbusho linalohifadhi fuvu lake lililorejeshwa nchini mwaka 1954. Lakini Kalenga ipo pia upande wa njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na njia ya hifadhi ni njia ya magari. Basi tuwaze karakana iliyoanza hapo kwa kunyoosha springi na kuziba matobo ya matangi, na ambayo sasa inaletewa magari ya kubadilishwa umbo: kurefusha chesisi ili ipatikane safu moja zaidi ya viti, kufanya paa la kuinuka ili watalii wasimame na kutazama wanyama, kuongeza tangi la mafuta na keria ya mizigo. Kazi ya namna hii imekwisha kushamiri Arusha kwa miaka mingi, na hapana sababu isifanyike Iringa. Mwenye karakana anahitaji watu watatu. Anabandika lile tangazo la maneno mawili. Kesho yake wamesimama watu ishirini mlangoni, na kati yao yumo fundi wa redio.

Hatumlaumu fundi wa redio. Ameitwa, amekuja. Neno "fundi" kwa asili halitaji kazi yoyote. Linataja kiwango cha kuijua kazi. Ni ndugu wa "funda", "fundisha" na "mwanafunzi", na kwa hiyo fundi ni mtu aliyefundwa hata akaweza kuwafunda wengine. Ndiyo maana twasema fundi cherehani, fundi saa, fundi mwashi, na hata fundi wa kusema. Upana huo ni utajiri wa lugha, lakini katika tangazo la ajira ni kasoro, kwa kuwa tangazo hutakiwa kuwazuia wasiohusika kama linavyotakiwa kuwaita wanaohusika.

Mfasiri anayeletewa tangazo la Kiingereza lenye kumtaka mtu wa kazi hii hukutana na tatizo la namna nyingine. Neno litumikalo katika lugha hiyo lina maana mbili: mtu aundaye kitu kwa kuunganisha vipande, na mtu azuaye uwongo. Afunguaye kamusi kwa haraka huweza kuishia kwenye "mzushi" au "mbunifu", na hatutashangaa siku moja tukisoma kwamba kampuni fulani inatafuta wazushi wenye uzoefu wa miaka mitano. Mwingine, akiikwepa hatari hiyo, huandika "mtengenezaji wa vyuma". Hilo nalo halifai, kwani katika Kiswahili cha leo kutengeneza gari ni kuliponya gari lililoharibika, wala si kulipa umbo jipya.

Wapo wapendao kulirudisha neno "mhunzi". Ni neno zuri na la kale, nasi tungependa liendelee kuishi, ila lina kazi yake. Mhunzi hufua chuma: hukitia motoni mpaka kiwe chekundu, hukiweka juu ya fuawe, hukipiga nyundo. Huko Ufipa, upande wa magharibi wa Nyanda za Juu, mawe yenye chuma yaliyeyushwa katika tanuri refu za udongo kabla chuma chake hakijafika kwa mhunzi kufuliwa majembe, na bado zipo tanuri za namna hiyo zilizosimama hadi leo. Ustadi huo ni mkubwa, lakini bati la gari halifuliwi. Hukatwa baridi, hukunjwa baridi, ndipo huunganishwa. Kumwita mnyoosha bodi mhunzi ni kumpa heshima isiyo yake na kumnyima ile iliyo yake.

Kwa kuunganisha, lugha imetupatia vitenzi viwili. Cha kwanza ni "kulehemu", chenye asili ya Kiarabu, ambacho hasa ni kuunganisha kwa kuyeyusha madini laini kati ya vipande viwili, vipande vyenyewe visiyeyuke. Ndivyo afanyavyo fundi wa redio na ndivyo afanyavyo sonara. Cha pili ni "kuchomelea". Hiki kimezaliwa ndani ya lugha yenyewe: choma, chomea, chomelea, kwa namna ile ile tupatayo piga, pigia, pigilia. Kule kurudiwa kwa kiambishi cha kutendea kunaongeza maana ya kukaza na kugandamanisha: msumari uliopigiliwa hautoki, na chuma kilichochomelewa kimekuwa kitu kimoja na mwenzake. Katika kuchomelea, kingo za vipande vyote viwili huyeyuka na kuchanganyika. Waliokiunda kitenzi hiki, ambao bila shaka walikuwa mafundi wenyewe, wamelitaja tendo lilivyo kuliko ambavyo kamati yoyote ingeweza. Mitaani wapo wasemao "welda", nao wanaeleweka. Lakini "mchomeleaji" limekwisha kuingia vyuoni na ofisini, nasi tunalipendekeza kwa maandishi yote.

Hata hivyo mwenye karakana wa Kalenga akiandika "Anatakiwa mchomeleaji" atakuwa amepiga hatua moja tu. Watakaokuja wengi watakuwa waundaji wa mageti, madirisha na vitanda vya chuma, kazi iliyo kila mji na ambayo imewalisha vijana wengi. Mtu huyo hutumia mashine ya umeme na vijiti vya kuchomelea, juu ya bomba na nondo. Mpe bati la bodi, ambalo unene wake ni kama milimita moja, ashike kijiti kile kile: atalitoboa, asipolitoboa, joto litalipinda liwe na mawimbi. Bati jembamba lataka moto wa gesi ya oksijeni na asetilini kwa mkono mwepesi, au mashine ya waya unaojisogeza wenyewe, na lataka kushikizwa nukta nukta kwanza kabla ya kufungwa moja kwa moja. Chesisi nayo ni kinyume chake. Chuma chake ni kinene, na hatari yake ni kwamba kiungo kinaweza kuonekana kizuri juu huku ndani moto haukupenya. Gari la watalii tisa likipita kwenye makorongo ya Ruaha, kiungo cha namna hiyo hupasuka kidogo kidogo pasipo kuonekana. Hapo jina lililokosewa katika tangazo limekwisha kuwa jambo la uhai wa watu.

Kwa hiyo twaona kuna kazi tatu, na kila moja yastahili jina lake. Yupo mchomeleaji, ambaye hasa huunganisha. Yupo yule aitwaye mitaani fundi bodi, ambaye hunyoosha bati lililobonyea na kulirudishia umbo lake la kwanza. Tunaona jina "mnyoosha bodi" lamfaa zaidi, kwa kuwa linasema afanyacho. Na yupo wa tatu, ambaye ndiye karakana yetu inamtafuta na ambaye hana jina lililokubaliwa: mtu awezaye kusoma mchoro, kupima, kukata, kukunja na kuunganisha hata kitu ambacho hakikuwapo kikawapo. Huyu tunapendekeza aitwe "muunda vyuma", na akiwa wa magari, "muunda bodi".

Kitenzi "kuunda" hatukukiokota. Pwani, kuunda ni kujenga chombo cha baharini, na kutokana nacho tumepata "kiunzi", yaani mifupa ya kitu kabla hakijavikwa. Muunda jahazi hulaza mkuku, husimamisha mataruma, ndipo hupigilia mbao. Muunda bodi hufanya vivyo hivyo: chini ipo chesisi, juu yake husimamishwa kiunzi cha mabomba ya pembe nne, kisha huvikwa bati. Mwalimu wa ufundi akiwaambia wanafunzi wake kwamba nguzo za ubavuni mwa basi ni mataruma yake, atakuwa amewapa neno lililo tayari, ingawa tunakiri kwamba huku bara si wengi waliopata kuliona jahazi likiundwa, na neno hilo itabidi kwanza lielezwe.

Tukitoka kwenye jina la kazi twafika kwenye jina la kiwango, na hapa ndipo watumishi wa ofisi hukosea zaidi. Katika mfumo wa zamani wa majaribio ya ufundi, mafundi walipangwa kwa madaraja matatu, na daraja la tatu ndilo lililokuwa la chini. Aliyeanza alipata la tatu, akapanda hadi la pili, na aliyebobea alikuwa na la kwanza. Mfumo wa sasa wa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, unahesabu kwa kupanda: ngazi ya kwanza ni ya chini, ngazi ya tatu ni ya juu. Maana yake ni kwamba tarakimu ile ile imegeuka kichwa chini. Mzee mwenye cheti cha daraja la kwanza akikutana na karani aliyezoea ngazi, huenda akaandikiwa mshahara wa mwanafunzi. Na kijana mwenye ngazi ya tatu akakataliwa na mzee wa karakana aliyezoea madaraja. Tunawasihi wafasiri wa vyeti wayatenge maneno haya mawili kabisa: "daraja" kwa vyeti vya zamani, "ngazi" kwa vya sasa, wala wasiyatumie moja mahali pa jingine kwa ajili tu ya kupamba lugha.

Pia kuna "fundi mchundo" na "fundi sanifu", ambayo ni majina ya utumishi. Fundi mchundo ni yule afanyaye kazi kwa mikono yake. Fundi sanifu ni yule aliye kati yake na mhandisi, aliyesomea katika chuo kama kile Chuo cha Ufundi Mbeya kilichofunguliwa 1986, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Karakana ya watu wanne haihitaji fundi sanifu mlangoni, ila itamhitaji siku itakapotaka kuhesabu kama chesisi iliyorefushwa itabeba uzito ulioongezwa.

Baada ya hayo tunaweza kuliandika upya tangazo la Kalenga:

"Karakana ya magari iliyopo Kalenga, Wilaya ya Iringa, inatafuta muunda bodi mmoja. Awe na ujuzi wa kupima, kukata, kukunja na kuunganisha bati jembamba kwa gesi au kwa mashine ya waya, na aweze kusoma mchoro. Awe na cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya pili au ya tatu, ama cheti cha zamani cha daraja la pili au la kwanza, ama awe tayari kuonyesha ujuzi wake kwa vitendo."

Yale maneno ya mwisho hayakuwekwa kwa adabu. Mafundi wengi walio bora wamejifunza chini ya fundi mwingine wala hawakupata kukaa darasani; kwa ajili yao ndipo ulipowekwa utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambao humpima mtu kwa analolijua pasipo kumwuliza alilijulia wapi. Karakana nayo yaweza kumpima. Apewe vipande viwili vya bati aviunganishe. Kisha kiungo kibanwe kwenye jiliwa, kipigwe nyundo mpaka kikunjike. Kikikatika penye mshono, moto haukupenya. Kikikunjika pamoja na bati, mtu huyo amepatikana, hata kama hajui kuandika barua ya maombi.

Maneno ya tangazo hayaishi pale mtu anapoajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi aanzapo kazi, yakiwamo maelezo ya kazi yenyewe, mahali, saa na ujira, na ikiwa mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa namna atakayoielewa. Palipoandikwa "fundi" peke yake, mwenye mali huweza kudai kwamba kupaka rangi, kulinda lango usiku na kuosha magari ni sehemu ya kazi, na mfanyakazi hana la kuonyesha. Palipoandikwa "muunda bodi", shauri likifika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, pande zote mbili zina neno la kusimamia.

Limebaki jina la yule kijana ashikaye taa na kuleta spana. Mitaani ni "spana boi", na hata akiwa na miaka arobaini huitwa hivyo. Akiwa anajifunza kwa mpango na kwa muda uliowekwa, jina lake ni "mwanagenzi", na mafunzo yake ni "uanagenzi", neno litumikalo sasa hata katika mipango ya Serikali. Akiwa hafundishwi lolote, anatumwa tu, basi ni kibarua, na mkataba wake uandikwe hivyo.