Kwa Nini Pete Haikuwa na Msalaba

Sogeeni, wanangu, niwapeleke Aleksandria, mji wa bandari kule Misri, karibu mwaka 200. Sokoni wamekaa mafundi wanaochonga picha juu ya vijiwe vya rangi, kila kimoja kidogo kama punje ya harage. Vijiwe hivyo vinatiwa kwenye pete. Na pete enzi hizo ilikuwa na kazi: ukitaka kufunga barua, au kuweka alama kwenye mtungi wa mafuta ili usifunguliwe bila ruhusa yako, unadondosha nta, unaikandamiza kwa pete, na picha yako inabaki pale. Ilikuwa ndiyo sahihi yako.

Sasa Mkristo achague picha gani? Vijiwe vingi vilikuwa na sura za miungu. Mwalimu mmoja wa mji huo, Klementi, alilijibu swali hilo katika kitabu chake kiitwacho Paedagogus. Sura za miungu alizikataa. Upanga na upinde alivikataa, maana Wakristo hufuata amani. Vikombe vya mvinyo navyo akavikataa, kwa kuwa Mkristo hunywa kwa kiasi. Akashauri njiwa, samaki, merikebu inayosukumwa na upepo, kinubi au nanga. Tena akasema kwamba picha ikiwa ya mvuvi, mwenye pete atamkumbuka mtume, na atawakumbuka watoto wanaotolewa majini. Ndio hao wanaobatizwa.

Naipenda sana orodha hii, kwa sababu picha zake zilikuwa za kawaida tu. Baharia asiyemjua Kristo aliweza kuvaa nanga akiomba afike salama, na fundi aliyeichonga huenda naye hakumjua. Klementi hakuwatuma watu wake wakabuni picha mpya. Aliwafundisha kuziangalia zile zile kwa macho mengine. Kwa hiyo watu wawili waliweza kukaa chombo kimoja, wamevaa nanga zinazofanana kabisa, mmoja akaona chuma cha kushika meli, mwenzake akaona tumaini, maana Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, unaliita tumaini nanga ya roho. Ndiyo maana nanga zimechongwa pia kwenye makaburi ya kale ya Wakristo chini ya ardhi kule Roma. Mtu aliyefiwa alihitaji kushikwa na kitu imara.

Njiwa mnamjua: alimletea Nuhu jani la mzeituni, na Yesu alipobatizwa, Roho alishuka kwa mfano wake. Samaki ana siri zaidi. Kwa Kigiriki anaitwa ichthys, neno la herufi 5 za Kigiriki, na kila herufi inaanzisha neno lingine. Ukiyapanga maneno hayo unapata: Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Ungamo zima la imani ndani ya samaki mmoja!

Lakini mmeona kilichokosekana kwenye orodha ya Klementi? Msalaba. Dola ya Roma ilikuwa bado inawatundika watumwa na waasi msalabani, mbele ya watu, mpaka wafe. Watu walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao. Wakristo walifanya ishara ya msalaba kwa kidole kwenye paji la uso, ila kitu cha mateso kama hicho hakikuwa pambo.

Mambo yaligeuka katika karne ya 4. Mwaka 313 Kaisari Konstantino aliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu, na baadaye msalaba ukaanza kuonekana hadharani. Huku kwetu Afrika, mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alipoupokea Ukristo aliondoa mwezi kwenye sarafu zake, akaweka msalaba.

Ethiopia haijauacha tangu hapo. Mtoto akibatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi, mvulana siku ya 40 na msichana siku ya 80, hufungwa shingoni uzi uitwao mateb, na wengi huning'iniza msalaba kwenye uzi huo. Masonara walitengeneza misalaba mingi ya namna hiyo kwa kuyeyusha sarafu za fedha za Maria Theresa, malkia wa Austria, zilizoandikwa mwaka 1780, zile zile ambazo watu wa Unguja waliziita reale. Tazameni misalaba hiyo kwa makini. Mingi ina nakshi zilizosukwa kama ukili, mstari ukipita juu na chini ya mwenzake bila kuonyesha ulipoanzia wala unapoishia, na wenyewe husema huo ni uzima wa milele.

Siku mkiona mkufu wenye msalaba, nanga na moyo pamoja, fungueni Wakorintho wa Kwanza, sura ya 13, msome mstari wa mwisho. Maana za vyote vitatu zimetajwa pale: imani, tumaini na upendo.